Tiketi ya Roketi Isiyoruka: Unanunua Nini Hasa?

Mwaka 1901, kwenye maonyesho ya Pan-American mjini Buffalo, Marekani, watu walipanga foleni kwenda mwezini. Chombo chao kiliitwa Luna. Kilikuwa na mabawa yaliyopigapiga kama ya ndege, kiliyumba huku na huku, na mandhari za kuchora zilipita pembeni ili abiria waone kana kwamba dunia inabaki chini yao. Kiingilio kilikuwa senti 50, mara mbili ya bei ya maonyesho mengi ya jirani. Walilipa mara mbili kwa chombo ambacho hakikwenda popote, na walijitokeza wengi kiasi kwamba mwaka 1902 waliokijenga, Frederic Thompson na Elmer Dundy, walikihamishia Coney Island, ufukwe wa burudani mjini New York, na mwaka uliofuata wakafungua bustani nzima ya burudani iliyoitwa Luna Park.

Zaidi ya karne imepita na bado tunasimama mbele ya mlango uleule. Bango linaahidi kupaa, nyota na kuelea. Tiketi ina bei yake. Ndani kuna chumba chenye giza, kiti chenye mkanda na mashine ambayo, ukiipima kwa rula, haitoki pale ilipofungwa. Je, inafaa kulipia?

Mimi ni mpenzi wa mashine hizi, na kwa sababu nazipenda sitaki mtu alipie moja akitarajia kitu ambacho haiwezi kumpa. Safari ya roketi ina mambo mawili makubwa yanayoupata mwili: kukandamizwa wakati wa kupaa, na kuelea baada ya injini kuzimwa. La kwanza linaweza kuletwa hapa ardhini likiwa halisi kabisa, kwa aina moja tu ya mashine. La pili haliletwi ndani ya chumba, hata ukilipa kiasi gani. Mengine yote ni ujanja unaofanyiwa macho na masikio, na ujanja huo una ufundi mkubwa, lakini ni vizuri ujue unapoununua.

Tuanze na chumba chenyewe. Roketi inapopaa inaongeza mwendo, na kuongezeka huko kwa mwendo ndiko kunakokubana kwenye kiti. Wahandisi hupima mkandamizo huo kwa g: 1 g ni uzito wako wa kila siku ukiwa umesimama. Sasa fikiria mashine inataka kukusukuma mbele kwa 1 g, kwa sekunde moja tu. Itahitaji karibu mita 5 za nafasi. Ikitaka kuendelea kwa sekunde 10, itahitaji karibu mita 490. Hakuna jengo la burudani lenye chumba cha namna hiyo kwa kila kiti. Mashine ya kawaida ina nafasi ndogo sana ya kusogea, kisha inafika ukingoni na lazima irudi. Hesabu hiyo ndogo ndiyo inayoamua karibu kila kitu kuhusu unachokipata.

Jibu la wahandisi lilitoka kwenye mafunzo ya marubani. Ni jukwaa linalobebwa na miguu sita inayorefuka na kufupika, kila mguu kwa kasi yake. Miguu hiyo ikicheza pamoja, jukwaa linaweza kwenda mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini, kuinama, kulala ubavu na kujigeuza. Eric Gough alitengeneza mashine ya namna hii Uingereza katika miaka ya 1950, si kwa ajili ya kuruka bali kwa ajili ya kupima matairi. Mwaka 1965 mhandisi mwingine, Stewart, aliandika kuhusu jukwaa la kuigizia safari za ndege, na hadi leo wengi huliita kwa jina lake. Bustani ya burudani ya Disneyland, California, ilipofungua safari ya kuigiza iitwayo Star Tours mwaka 1987, ilichukua teknolojia ya mashine za kufundishia marubani, ikaweka viti 40 na skrini mbele. Baada ya hapo njia ilikuwa wazi kwa wengine wote.

Lakini miguu sita haivunji ile sheria ya mita 5. Inachofanya ni kulidanganya sikio lako, na hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe.

Ndani ya sikio, mbali na sehemu ya kusikia, una vyombo viwili vya mwendo. Kimoja ni mifereji mitatu iliyopinda, yenye majimaji, inayohisi kichwa kinapogeuka. Kingine ni vijiwe vidogo sana vya chokaa vilivyokaa juu ya utando wenye vinyweleo. Ukisukumwa mbele, vijiwe hubaki nyuma kidogo, vinyweleo vinapinda, na ubongo unaambiwa: tunaondoka. Tatizo la vijiwe hivi ni kwamba haviwezi kutofautisha kusukumwa mbele na kuinamishwa nyuma. Katika hali zote mbili vinateleza kuelekea kisogoni. Huu si udhaifu wa sikio la binadamu pekee. Einstein alilitambua jambo hilo mwaka 1907: ndani ya chumba kisicho na dirisha, hakuna kipimo kinachoweza kutenganisha mvutano wa ardhi na mwendo unaoongezeka.

Basi mashine hutumia macho kuziba pengo. Skrini inaonyesha nyota zikikimbilia kwako. Wakati huohuo jukwaa linakulaza nyuma, polepole, kwa mzunguko mdogo kiasi kwamba mifereji ya sikio haiugundui. Vijiwe vinasema tunasukumwa, macho yanasema tunakwenda mbele, na ubongo, ambao hauna shahidi wa tatu, unakubali. Uzito wako mwenyewe umegeuzwa kuwa msukumo wa roketi. Mtikisiko wa mwanzo ni wa kweli, kwa sababu jukwaa linaruka sentimita kadhaa kwa nguvu. Baada ya hapo linarudi katikati kwa kunyata, ili lipate nafasi ya mtikisiko unaofuata. Ukifahamu hili, utaipanda mashine hiyo kwa heshima mpya: muda wote kuna kitu kinachorudi nyuma huku wewe ukiamini unakwenda mbele.

Hata hivyo ujanja huu una kikomo kisichoongopa. Kukulaza hakuwezi kukuongezea uzito. Ukilazwa nyuma kwa nyuzi 30, mgongo wako unapata nusu g. Ukilazwa chali kabisa unapata 1 g kifuani, na hapo ndipo mwisho. Shuttle Launch Experience, mashine inayoiga kupaa kwa Space Shuttle, chombo cha zamani cha wanaanga wa Marekani, iliyofunguliwa mwaka 2007 kwenye kituo cha wageni cha Kennedy Space Center huko Florida, inakulaza chali ukitazama juu, kama wanaanga walivyokaa wakisubiri kurushwa, kisha inatetema kwa nguvu. Wanaanga waliosafiri kweli walishirikishwa katika kuibuni. Na kwa kuwa dakika mbili za kwanza za kupaa kwa chombo kile zilikuwa za mtetemo mkali kutoka kwenye roketi mbili za pembeni, mashine hiyo inaweza kulisema jambo la kweli kuhusu dakika hizo. Kisichowezekana ni ule mkandamizo wa 3 g uliowafikia wanaanga karibu na mwisho wa kupaa.

Kuna jambo jingine ambalo mnunuzi hawezi kuliona kwenye bango: ujanja huu unategemea matunzo. Picha na jukwaa lazima viende pamoja. Vikipishana hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, ubongo unashtuka, na badala ya roketi unapata kiti kinachotikisika mbele ya sinema. Niliwahi kupanda moja iliyokuwa imechoka, picha yake hafifu na mtikisiko ukifika baada ya mlipuko kwenye skrini. Nilishuka nikiwa na kichefuchefu na bila kumbukumbu yoyote ya nyota. Mashine nzuri iliyotunzwa vibaya haifai hata nusu ya bei yake, kwa hiyo maneno ya waliopanda mwezi huu yana thamani kuliko sifa za mwaka ilipofunguliwa.

Sasa ile aina moja ya mashine niliyoitaja mwanzoni. Kama huwezi kwenda mbele kwa mita 490, unaweza kuzunguka. Gari likikata kona kali, mwili wako unabanwa upande wa nje. Ukikata kona bila kukoma, mbano haukomi. Hiyo ndiyo sentrifuji: mkono mrefu unaozunguka, na wewe ukiwa mwishoni mwake ndani ya kibanda kilichofungwa. Mkono wa mita 5 ukizunguka karibu mara 20 kwa dakika unatosha kukufanya uhisi zaidi ya mara mbili ya uzito wako, na utaendelea kuuhisi muda wote mkono unapozunguka. Wanaanga hufanyia mazoezi kwenye mashine za namna hiyo.

Mission: SPACE, iliyofunguliwa mwaka 2003 katika bustani ya EPCOT huko Florida, imejengwa hivyo. Watu wanne wanaingia kibanda kimoja, skrini iko karibu na uso, na mashine inapozunguka mkandamizo unafika takriban 2.4 g. Mtu wa kilo 60 anahisi kama kilo 144. Mashavu yanavutwa nyuma, kuinua mkono kunataka nguvu, pumzi inakuwa kazi. Rolakosta nyingi, yaani treni za burudani zinazopanda na kushuka kwa kasi, zinapita kiwango hicho, lakini kwa muda mfupi sana, chini ya bonde au kwenye mzunguko, kisha zinakuachia. Tofauti iko kwenye kudumu. Roketi haikupigi ngumi ya kifua na kuondoka, inakukalia. Hapa pia unakaliwa, na kinachokukalia si picha wala hila. Ni nguvu halisi, ya aina ileile na karibu ya kiwango kilekile. Kwa maoni yangu, kama kuna mashine ya burudani inayostahili kuitwa mazoezi ya kupaa, ni ya aina hii.

Gharama yake, hata hivyo, mwili unailipa. Wewe huoni kwamba unazunguka. Kibanda kimefungwa na skrini inaonyesha njia iliyonyooka. Mifereji ya sikio huzoea mzunguko ulio sawa na kunyamaza. Lakini ukigeuza kichwa ghafla kumtazama jirani, mifereji iliyokuwa kimya inaingia kwenye mzunguko kwa pembe nyingine, majimaji yanavurugika, na unahisi kama kibanda kimepinduka. Kisunzi kinapanda papo hapo. Ndiyo maana sauti inarudia mara nyingi: tazama mbele, usigeuke, usifumbe macho. Wengi huyachukulia maagizo hayo kama mapambo ya hadithi. Yafuate neno kwa neno na uwezekano wa kushuka ukiwa mzima ni mkubwa zaidi.

Na kuna maonyo ambayo hayahusu kichefuchefu. Mwaka 2005 mtoto wa miaka 4 alifariki baada ya kupanda Mission: SPACE, na uchunguzi ulionyesha alikuwa na ugonjwa wa moyo ambao haukuwa umejulikana. Mwaka uliofuata mwanamke mwenye umri wa miaka 49 alifariki kwa kuvuja damu kwenye ubongo. Mashine yenyewe haikukutwa na hitilafu. Mwaka huohuo wa 2006 bustani ikaanzisha toleo la pili la safari hiyo, lenye vibanda visivyozunguka. Ninaitaja habari hii kwa uzito wake kwa sababu watu husoma ubao wa maonyo kama wanavyosoma masharti ya programu ya simu, yaani hawausomi. Moyo, shinikizo la damu, shingo, mgongo, ujauzito: kila neno pale limewekwa kwa sababu. Kwa mtu anayehusika na mojawapo, hakuna bei inayofaa, hata kama ni bure.

Turudi kwenye kuelea, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapovunjika moyo. Watu hudhani wanaanga wanaelea kwa kuwa wamefika mahali pasipo na mvutano wa dunia. Sivyo. Kituo cha kimataifa cha anga za juu kiko takriban kilomita 400 juu yetu, na mvutano pale bado ni karibu asilimia 90 ya huu wa ardhini. Wanaelea kwa sababu wanaanguka. Kituo kizima kinaanguka pamoja nao, huku kikikimbia takriban kilomita 28,000 kwa saa, kasi ambayo uso wa dunia unajipinda chini yao kabla hawajaufikia. Kuelea na kuanguka ni kitu kimoja.

Kwa hiyo mashine inayotaka kukuelesha lazima ikuangushe. Sekunde mbili za kuanguka zinahitaji karibu mita 20, na ndiyo maana mnara wa kuangusha watu, ule usio na skrini wala hadithi yoyote ya nyota, unakupa hali ya mwanaanga kwa ukweli zaidi kuliko chumba chenye picha za sayari zote. Ni sekunde chache, lakini ni zenyewe. Jukwaa la miguu sita halina mita 20. Sentrifuji inaweza tu kuongeza. Inachofanya ni ulinganisho: baada ya kukubana kwa mara mbili ya uzito wako, inapunguza mpaka kawaida, na kawaida hiyo unaihisi kama wepesi. Nyingine zinakuinamisha mbele kidogo ili uning'inie kwenye mkanda, tumbo likihisi kama limeachwa. Ni hila nzuri, inachukua sekunde chache, na ndiyo pekee iliyopo. Ukinunua tiketi ya chumba kwa ajili ya kuelea, utatoka ukisema umeibiwa, na kwa upande huo utakuwa sahihi.

Kuhusu viti vyenye miwani ya uhalisia pepe sina mengi. Picha inaweza kuwa ya ajabu kuliko skrini yoyote, kwa kuwa ukigeuka nyuma dunia iko pale. Lakini macho yanaona mwili ukirushwa huku sikio likisema umekaa, na mgongano huo ndio chanzo cha kichefuchefu. Kadiri picha inavyosadikika na kiti kinavyokuwa kimya, ndivyo baadhi ya watu wanavyougua. Unanunua macho tu hapo, na bei iwe ya macho tu.

Lawama inayorudiwa kuliko zote ni kwamba safari ni fupi: pesa zote hizi kwa dakika nne au tano. Naiona kuwa lawama dhaifu kuliko zote. Vyombo vya Space Shuttle vilifika kwenye mzingo, yaani njia ya kuizunguka dunia, kwa takriban dakika 8 na nusu. Mwezi Julai mwaka 2021, New Shepard ya kampuni ya Blue Origin ilipowapeleka abiria wake wa kwanza juu ya kilomita 100 na kuwarudisha, safari nzima ilichukua kama dakika 10. Safari ya roketi ni fupi kwa asili yake. Mashine ikirefushwa hadi nusu saa ingekuwa ya uongo zaidi, na nusu ya abiria wangeshuka wagonjwa. Kuhesabu bei kwa dakika kunafaa kwenye maegesho ya magari.

Hesabu yenye maana ni jinsi bei ilivyofungwa. Mashine zote mbili za Florida nilizozitaja zimo ndani ya kiingilio cha lango. Hapo hulipii safari kwa pesa ya ziada. Unailipia kwa foleni, na saa moja na nusu ya kusimama ni saa moja na nusu isiyotumika kwingine. Foleni ikiwa fupi asubuhi na mapema, sioni sababu ya kuikosa. Kwingine safari huuzwa peke yake mlangoni, na hapo uliza maswali mawili kabla ya kutoa pesa: kiti kinafanya nini hasa, na nani amekipanda hivi karibuni. Kama jibu la kwanza ni kwamba kinatikisika tu, lipa kama unavyolipia sinema. Kama kuna jukwaa kamili la miguu sita na picha safi, ongeza, maana kuna ufundi wa kweli mbele yako. Kama kuna sentrifuji na afya yako inaruhusu, mimi ningelipa bila kusita, hata mara moja tu maishani, ili mwili ujue kile ambacho maneno ya wanaanga hayawezi kuueleza.

Kuna njia ya kujipima baada ya kulipa. Kwenye jukwaa la miguu sita, ukikaribia mwisho, fumba macho kwa sekunde tatu. Roketi inatoweka. Unabaki na kiti kinachoinama na kuinuka kwa upole, na unagundua jinsi macho yako yalivyokuwa yakishiriki katika kazi ile. Kisha yafumbue, na sekunde hiyohiyo unarudi angani. Wengine huona kwamba hilo ni ushahidi wa udanganyifu. Mimi huona kwamba hapo ndipo pesa ilipokwenda, kwenye ustadi wa kukuandalia kosa ambalo ubongo wako unalifanya kwa furaha. Kwenye sentrifuji usijaribu, kwa sababu niliyokwisha kuitaja. Hata hivyo pale hakuna haja, kwa kuwa uzito ungekuwepo hata gizani.

Anayetaka kuelea na si kingine ana njia ambayo haipiti kwenye chumba. Si lazima iwe ile ya Dennis Tito, ambaye mwaka 2001 aliripotiwa kulipa takriban dola milioni 20 kufika kwenye kituo cha kimataifa, wala ile ya kampuni ya Virgin Galactic, ambayo mwaka 2021 ilitangaza tiketi kwa dola 450,000. Zipo ndege za kawaida zilizoondolewa viti vingi na kuwekwa magodoro ukutani. Rubani anaipandisha ndege kwa pembe kali, kisha anaiacha ifuate njia ya jiwe lililorushwa, na kwa sekunde 20 na kidogo kila kilichomo ndani kinaelea. Kampuni ya Zero-G ya Marekani hufanya matao 15 ya namna hiyo kwa safari moja, na bei kwa kila mtu ni zaidi ya dola 8,000. Ukijumlisha, unaelea kwa dakika chache tu. Na katikati ya tao na tao, ndege inapojiinua kutoka kwenye mbizi, unalala sakafuni ukiwa na karibu mara mbili ya uzito wako, ukitazama dari bila kugeuza kichwa.